Namna Nchi Zinavyoshirikiana Kutunga Sera ya Ulinzi wa Amani: Mwongozo kwa Afisa wa Nchi Isiyo na Kura ya Turufu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa wa wizara ya mambo ya nje au ya ulinzi ambaye nchi yake haina kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama, haina fedha nyingi, na pengine ina batalioni moja tu nje ya mipaka yake, lakini inataka sauti yake isikike pale inapoamuliwa askari wa kofia za buluu waende wapi, wafanye nini na wasifanye nini. Jambo la kwanza ambalo afisa huyo anapaswa kulikubali ni kwamba sera ya ulinzi wa amani haitungwi siku ya kura. Siku hiyo mikono huinuliwa tu. Sera hutungwa wiki na miezi kabla, na watu waliokuja na aya iliyokwisha kuandikwa, wenzao waliokubali kuitetea, na jibu la swali la nani atalipa. Anayefika baada ya hapo, hata akiwa na hoja nzuri kuliko zote, hukuta maji yameshamwagika.

Zijue meza ambako sera huandikwa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 hautaji ulinzi wa amani mahali popote. Sura ya Sita inahusu utatuzi wa migogoro kwa njia za amani, Sura ya Saba inahusu hatua za nguvu, na shughuli hii ikaja kuitwa ya "Sura ya Sita na nusu", maneno yanayonasibishwa na Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld. Kwa kuwa hakuna ibara moja ya kushikilia, sera imetawanyika katika maazimio, ripoti za kamati, bajeti na miongozo ya Sekretarieti. Kwa nchi ndogo huo ni mlango uliofunguka, kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi hayo hayaguswi na kura ya turufu.

Meza inayojulikana zaidi ni Baraza la Usalama lenye wajumbe 15, ambako azimio huhitaji kura tisa za ndiyo na kutopingwa na yeyote kati ya wajumbe watano wa kudumu. Humo kila suala lina "mshika kalamu", yaani nchi inayoandaa rasimu na kuongoza majadiliano yake. Ufaransa imeshika kalamu kwa muda mrefu kuhusu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Marekani kuhusu Sudan Kusini. Afisa asiyejua mshika kalamu wa misheni inayomhusu ni nani, na hajui jina la mtaalamu anayeandika rasimu katika ubalozi huo, bado hajaanza kazi. Nchi zinazochangia wanajeshi na polisi zina haki ya kushauriwa kwa mujibu wa azimio 1353 la mwaka 2001, lakini haki hiyo hupoteza maana kikao kinapoitishwa siku chache kabla mamlaka ya misheni hayajaongezwa muda, na wajumbe wakasoma hotuba za shukrani. Omba kikao mapema, na ukiingia sema jambo moja ambalo kamanda wako aliyeko uwanjani anataka libadilike.

Meza ninayoamini kwamba nchi ndogo huipuuza kuliko zote ni Kamati Maalumu ya Operesheni za Ulinzi wa Amani. Iliundwa na Baraza Kuu Februari 1965 kwa azimio 2006, wakati Umoja wa Mataifa ulipokuwa unakaribia kukwama kwa sababu Umoja wa Kisovyeti na Ufaransa zilikataa kulipia misheni ambazo hazikukubaliana nazo. Wengi bado huiita kamati ya wajumbe 34, ingawa leo wajumbe wake wamepita 150. Nigeria ndiyo mwenyekiti. Argentina, Japani, Kanada na Poland ni makamu. Na Misri ni katibu mwandishi. Tangu mwaka 1996, nchi inayoanza kuchangia askari au polisi inaweza kuomba uanachama kwa barua kwa mwenyekiti. Kikao chake kikuu hufanyika kila mwaka kati ya Februari na Machi, na huamua kwa maafikiano, kwa hiyo balozi mmoja anaweza kuzuia sentensi nzima. Hiyo ni nguvu na ni kero kwa pamoja. Hata hivyo, sentensi ikishapita hapo hugeuka kuwa lugha iliyokubaliwa na nchi zote, na mtu yeyote anaweza kuinukuu mbele ya Baraza la Usalama au mbele ya Sekretarieti bila kuulizwa ameitoa wapi.

Kamati ya Tano ya Baraza Kuu, inayopitisha bajeti, nitaieleza mbele kidogo. Kisha kuna Sekretarieti yenyewe, hasa Idara ya Operesheni za Amani, iliyopata jina hilo Januari 2019. Idara hii huandika miongozo na vitabu vya kazi vinavyomwambia kamanda wa batalioni apange doria vipi na alinde kambi vipi, na huomba nchi wanachama zitoe wataalamu wa kusaidia uandishi. Meja mmoja aliyewahi kuongoza doria, akitumwa katika kikundi cha waandishi kwa wiki mbili, anaweza kuacha alama kubwa kuliko hotuba kumi za waziri.

Tafuta wenzako kabla ya kutafuta maneno

Ugomvi wa msingi katika sera hii ni kwamba wanaoamua, wanaolipa na wanaomwaga damu si watu walewale. Kwa kipindi cha 2025 hadi 2027, Marekani imepangiwa takriban asilimia 26 ya bajeti ya ulinzi wa amani na China karibu asilimia 24, ilhali kwa miaka mingi vikosi vikubwa vimetoka Nepal, Rwanda, Bangladesh, India, Pakistan na Ethiopia. Kila upande una malalamiko ya haki. Anayelipa anataka kujua fedha zake zimefanya nini. Anayepeleka askari anauliza kwa nini majukumu yanaongezwa bila helikopta. Na anayeamua anaogopa lawama iwapo raia watauawa karibu na kambi. Pendekezo linalotoka kona moja tu huonekana kuwa ni la kujitetea. Likiletwa kwa pamoja na nchi inayolipa, nchi inayopeleka askari na nchi inayopokea misheni, hata anayelipinga hulazimika kueleza sababu.

Mfano wa kale bado unafundisha. Novemba 1956, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimevamia eneo la Suez pamoja na Israeli, na kwa kura zao za turufu Baraza la Usalama lilikuwa limefungwa mikono. Suala likahamishiwa Baraza Kuu kwa kutumia utaratibu uliowekwa mwaka 1950. Lester Pearson, waziri wa mambo ya nje wa Kanada, nchi iliyokuwa rafiki wa wavamizi wawili na pia iliyosikilizwa na wasioegemea upande wowote, akaleta pendekezo fupi lililomtaka Katibu Mkuu awasilishe ndani ya saa 48 mpango wa kikosi cha kimataifa. Lilipita kwa kura 57 bila hata moja ya kupinga, huku nchi 19 zikijizuia kupiga kura. Wanajeshi walitoka katika nchi kumi, miongoni mwao India, Indonesia, Brazil, Yugoslavia na Norway, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwa mjumbe wa kudumu wa Baraza la Usalama. Kanuni ambazo ulinzi wa amani unazitegemea hadi leo, yaani ridhaa ya wahusika, kutopendelea upande, na kutotumia nguvu isipokuwa kwa kujilinda, zilichukua umbo katika wiki zile, zikiandikwa kwa haraka na watu waliokuwa wakipigiana simu usiku.

Makundi ya kawaida, kama Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, Kundi la Afrika au Umoja wa Ulaya, yana faida ya kukukinga: ukisema kwa niaba ya nchi zaidi ya mia moja, hakuna anayekutenga. Lakini msimamo wa kundi kubwa hupunguzwa makali mpaka kila mtu auvumilie. Kwa hiyo tumia kundi kubwa kama ngao, na kwa kuandika maneno yenyewe tafuta nchi nne au tano kutoka mabara tofauti. India ilifanya hivyo kwa ustadi ilipokuwa mjumbe asiye wa kudumu mwaka 2021 na 2022. Ilitumia mwezi wake wa urais, Agosti 2021, kupitisha azimio 2589 kuhusu kuwafikisha mbele ya sheria wanaowaua walinda amani, kisha mwaka uliofuata ikaanzisha kundi la marafiki wa suala hilo ili lisife muda wake ukiisha. Kiti cha miaka miwili ni kifupi mno, na nchi isiyoingia na jambo moja mkononi hutoka bila chochote.

Andika aya, usiandike hotuba

Hapa ndipo wengi huteleza. Ujumbe wa nchi huja na kurasa sita za maoni kuhusu umuhimu wa amani, mshika kalamu huzipokea kwa heshima, kisha huziweka kando kwa sababu hakuna mstari anaoweza kuuhamisha. Anayetaka kusaidiwa alete aya moja, aonyeshe inaingia baada ya aya ipi, na ataje maneno hayo yalikubaliwa wapi hapo awali.

Jifunze uzito wa vitenzi. Baraza "linapoamua", nchi zinafungwa. "Linapoidhinisha", limetoa ruhusa. "Linapoomba", Sekretarieti itatafuta watu na fedha. "Linapohimiza", kila mmoja anaweza kuitikia kwa kichwa na kuendelea na shughuli zake, na "linapotambua" limefanya adabu tu. Majadiliano ya siku tatu yanaweza kuwa juu ya kuhama kutoka kitenzi kimoja hadi kingine, na afisa anayedhani huo ni ubishi wa wanasarufi ataikosa sera yenyewe.

Tazama kwa karibu sentensi moja. Oktoba 1999 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1270 kuhusu Sierra Leone, la kwanza kuipa misheni jukumu la wazi la kulinda raia. Lilisema kwamba misheni, ndani ya uwezo wake na katika maeneo ilikopelekwa, inaweza kuwapa ulinzi raia walio katika tishio la karibu la kudhuriwa kimwili, huku ikizingatia wajibu wa Serikali ya Sierra Leone. Katika kila kipande cha sentensi hiyo kuna nchi zilizokuwa zikiongea. Kiini chake, kuwapa raia ulinzi, kilisukumwa na waliokuwa bado wanaandamwa na Rwanda ya 1994 na Srebrenica, Bosnia, ya 1995, ambako kofia za buluu zilikuwapo na watu wakachinjwa. "Ndani ya uwezo wake" ni sauti ya wanaopeleka askari, waliokataa kulaumiwa kwa kila kifo katika nchi nzima. "Maeneo ilikopelekwa" ni mpaka uliochorwa ili batalioni isitarajiwe kuvuka msitu usio na barabara. "Tishio la karibu" linamwambia koplo aliyeko langoni ni lini anaruhusiwa kuchukua hatua. Na kutajwa kwa Serikali ni heshima kwa mwenye nchi, pamoja na ukumbusho kwamba mlinzi wa kwanza wa raia ni dola lao.

Miezi minne baadaye, Februari 2000, maneno yanayofanana sana na hayo yalitokea katika azimio 1291 kuhusu Kongo. Ndivyo lugha iliyokubaliwa inavyosafiri. Ukifanikiwa kuweka maneno mazuri mara moja, yatanakiliwa kwa miaka. Na ukiacha mwanya upite kwa sababu umechoka usiku ule, nao utanakiliwa vivyo hivyo. "Ndani ya uwezo wake", maneno yaliyokuwa daraja la haki mwaka 1999, baadaye yalitumika mara nyingi mno kama kisingizio cha kubaki kambini. Anayeandika leo hana budi kujiuliza maneno yake yatatumiwaje na kamanda mwoga, si na kamanda shujaa pekee.

Kuhusu utaratibu, rasimu husambazwa, husomwa aya kwa aya, na sehemu zisizokubaliwa huwekwa katika mabano ya mraba. Mshika kalamu anapoona yamebaki machache huiweka rasimu chini ya utaratibu wa ukimya: asiyesema kitu kabla ya saa iliyotajwa amekubali. Ukimya usipovunjwa, au ukivunjwa na kurekebishwa, maandishi ya mwisho hutolewa kwa wino wa buluu, ishara kwamba yako tayari kupigiwa kura. Hakikisha makao makuu ya wizara yako yanajua saa hiyo kwa saa za kwenu. Nchi hupoteza hoja zake kwa sababu ya kusinzia tu: ukimya unaisha saa nne asubuhi New York, na mwenye mamlaka ya kutoa maelekezo ameshafunga ofisi na kwenda nyumbani.

Maombi ya ukanda yanapogeuka kuwa mamlaka: Goma, 2012 na 2013

Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma huku MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo iliyokuwa moja ya misheni kubwa kuliko zote duniani, ikiwa pale pale. Nchi za Maziwa Makuu zilikuwa zimeshaanza kudai kikosi cha kimataifa kisichoegemea upande, na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ikajitolea kuchangia. Nia ilikuwepo, fedha na vifaa havikuwepo. Badala ya kuliacha wazo life, nchi hizo zilikubali lihamie ndani ya misheni iliyopo, ambako kulikuwa na bajeti, hospitali na helikopta. Tarehe 24 Februari 2013 nchi 11 zilitia saini mjini Addis Ababa mkataba wa kisiasa kuhusu amani, usalama na ushirikiano katika ukanda huo, na tarehe 28 Machi Baraza la Usalama likapitisha kwa kauli moja azimio 2098 lililounda brigedi ya askari 3,069, yenye batalioni tatu za miguu kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na jukumu la kuvisambaratisha vikundi vya waasi.

Mfuatano huo una mafunzo. Mkataba wa kisiasa ulitangulia azimio, si kinyume chake. Nchi zilizotaka brigedi zilikuja na askari wao wenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba wanatuma watoto wa wengine kufa. Na wale waliokuwa na hofu, hasa nchi zenye vikosi katika misheni nyingine zilizoona kwamba kanuni ya kutopendelea inatikiswa, hawakupuuzwa: waliandikiwa ndani ya azimio kwamba brigedi inaundwa kwa namna ya kipekee, bila kuweka mfano wa kufuatwa na bila kuathiri kanuni zilizokubaliwa za ulinzi wa amani. Maneno hayo machache ndiyo yaliyowawezesha kuinua mikono.

M23 walisalimu amri Novemba 2013. Lakini haitakuwa haki kuishia hapo. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki karibu na mpaka wa Uganda ilishambuliwa kwa saa nyingi na walinda amani 14 wa Tanzania wakauawa. M23 walirudi vitani mwishoni mwa 2021, na Januari 2025 Goma ikaanguka tena mikononi mwao. Brigedi ilinunua muda. Kazi ya kisiasa iliyopaswa kufanywa ndani ya muda huo haikukamilika. Afisa anayedai mamlaka makali kwa askari wa nchi yake ana wajibu wa kudai, katika rasimu hiyo hiyo, ratiba ya mazungumzo na mtu wa kuulizwa yanapokwama.

Ingia katika chumba cha fedha

Mwaka wa fedha wa ulinzi wa amani huanza tarehe 1 Julai, na Kamati ya Tano hukaa Mei na Juni kuamua nafasi za kazi, saa za ndege na mafuta ya kila misheni. Maneno mazuri yaliyopatikana mwezi Machi yanaweza kufa hapo kimya kimya kwa kufuta nafasi kumi za wataalamu wa ulinzi wa raia. Mjumbe wako wa kamati hiyo na mjumbe wako wa masuala ya siasa wakae meza moja angalau mara moja kwa wiki. Katika balozi nyingi hawafanyi hivyo, na pengo hilo ni la kujitakia.

Nchi inayopeleka askari hurejeshewa kiwango kilekile kwa kila mmoja bila kujali anatoka wapi. Julai 2022 kiwango hicho kiliwekwa kuwa dola 1,448 kwa mwezi. Vifaa hulipiwa kwa utaratibu wake, na kikundi kazi cha nchi wanachama hukutana kila baada ya miaka mitatu kupitia viwango hivyo. Gari la deraya lisilowaka siku ya ukaguzi halilipiwi. Anayetaka sera ya kuwahimiza wenye vifaa bora aende kwenye kikundi kazi hicho akiwa na mahesabu ya mafundi wake, kwa maana pale hisia hazisikilizwi.

Ushindi mkubwa wa kifedha wa miaka ya karibuni ulikuwa wa subira. Swali la kama michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa inaweza kulipia operesheni zinazoongozwa na Umoja wa Afrika lilijadiliwa na jopo la Romano Prodi, waziri mkuu wa zamani wa Italia, mwaka 2008, likarudi katika maazimio ya 2016 na 2017, likakwama tena. Wajumbe watatu wa Afrika katika Baraza la Usalama walibadilika kila mara, lakini kila kundi lilimwachia lijalo jalada lililokamilika. Tarehe 21 Desemba 2023, Gabon, Ghana na Msumbiji zikiwa kwenye viti hivyo, azimio 2719 lilipita kwa kura zote, likiwa na marekebisho ya Marekani yaliyoweka ukomo wa asilimia 75 ya bajeti ya kila mwaka. Waafrika walitaka zaidi. Walikubali ukomo huo ili kanuni yenyewe ipite, na naona walifanya vyema, ingawa Marekani haikuunga mkono azimio hilo litumike kwa Somalia na suala la nani ataijaza robo iliyobaki bado ni zito.

Ahidi unachoweza kukitoa

Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, Baraza la Usalama lilipunguza kikosi kilichokuwepo hadi askari 270. Katikati ya Mei likageuka na kuidhinisha 5,500, na miezi miwili baadaye hata robo yao haikuwa imefika. Jopo la Umoja wa Mataifa lililoongozwa na Lakhdar Brahimi, mwanadiplomasia wa Algeria, lilipoandika mwaka 2000 lilipendekeza kwamba azimio la kuunda misheni kubwa libaki rasimu mpaka Katibu Mkuu awe na ahadi thabiti za askari. Pendekezo hilo lilikuwa la kweli na chungu.

Tangu 2015 kuna mfumo wa usajili ambako nchi huandika vikosi ilivyo tayari kuvitoa, ngazi kwa ngazi, hadi ile ya kupelekwa haraka. Mikutano ya mawaziri, iliyopita London, Vancouver, Seoul, Accra mwaka 2023 na Berlin Mei 2025, ndiyo mahali pa kutangaza ahadi hizo. Usitangaze batalioni ya tisa ya miguu pale ambapo kinachokosekana ni hospitali ya uwanjani, wahandisi, ndege zisizo na rubani au polisi wa kike wanaojua lugha ya wenyeji. Nchi mbili zinaweza kuungana, moja ikatoa watu na nyingine magari na mafunzo, na ushirikiano wa namna hiyo huheshimika.

Jambo moja lisemwe bila kuficha. Baadhi ya nchi hutia saini hati ya makubaliano, kisha humwambia kamanda wao kwa simu kwamba asitoke usiku, au asivuke mto fulani, bila kumwarifu kamanda wa kikosi kizima. Masharti ya siri ya namna hiyo huua raia, na huua pia askari wa nchi jirani walioitisha msaada usiokuja. Ikiwa nchi yako ina mipaka isiyoweza kuivuka, iandike mapema.

Msikilize mwenye nchi

Mei 1967 Misri ilipotaka kikosi kilekile cha mwaka 1956 kiondoke, kiliondoka, na vita vikazuka mwezi uliofuata. Juni 2023 serikali ya Mali ilitaka MINUSMA, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini humo, iondoke bila kuchelewa. Tarehe 30 mwezi huo Baraza lilifunga misheni hiyo, na ilipofika mwisho wa mwaka askari walikuwa wamekwisha kuondoka. Ridhaa haipatikani mara moja na kuhifadhiwa kabatini. Kabla ya kila rasimu ya kuongeza muda, ongea na balozi wa nchi mwenyeji, na ongea pia, kwa njia zinazoruhusiwa, na mashirika ya wananchi wa huko, hasa wanawake wanaojua doria hupita saa ngapi na haipiti wapi. Azimio 1325 la mwaka 2000, kuhusu wanawake, amani na usalama, limewapa msingi wa kusikilizwa, na hakuna sababu ya kuwaalika baada ya maandishi kukamilika.

Baada ya kupitishwa

Azimio likishapita, tengeneza jalada la ndani la kurasa zisizozidi tatu. Andika aya uliyoipigania ilivyokuwa siku ya kwanza na ilivyotoka, nani aliibadilisha, kwa sababu gani aliyoisema na sababu gani unayoishuku, na ni mtaalamu gani wa ubalozi upi aliyekusaidia bila kutajwa. Weka tarehe ya ripoti ijayo ya Katibu Mkuu, na ripoti hiyo ikitoka tafuta aya yako humo. Isipotajwa, mwandikie mshika kalamu siku hiyo hiyo. Fuatilia pia upande wa nchi yako. Azimio 2272 la mwaka 2016 linaunga mkono uamuzi wa Katibu Mkuu wa kurudisha nyumbani kikosi kizima pakiwa na ushahidi wa kuaminika kwamba unyanyasaji wa kingono umeenea ndani yake, na nchi ambayo haijashughulikia kesi za askari wake haitasikilizwa inapodai haki za walinda amani, wala haistahili.

Nakala ya jalada hilo mpe atakayekurithi, kwa kuwa maafisa huhamishwa baada ya miaka mitatu au minne na wengi huondoka na kumbukumbu zote kichwani. Nakala nyingine ipelekwe kwa kamanda wa batalioni inayojiandaa kuondoka, ili ajue sentensi anayokwenda kuitumikia ilipatikana vipi na inamruhusu nini. Kisha anza aya ya kamati maalumu kabla Desemba haijaisha, kwa sababu Februari wenzako watakuwa wameshaleta zao.